Barua za Paul na Marie: Vita, Ndoa na Haki ya Kukumbukwa

Kila mwaka ninapofika kwenye mada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, huwauliza wanafunzi wangu swali moja kabla sijaandika neno lolote ubaoni: ni nani humu ndani ambaye nyumbani kwao imehifadhiwa barua iliyoandikwa na babu au bibi? Kwa kawaida ukumbi hunyamaza. Mara chache huinuka mkono mmoja au miwili. Ndipo huanza kuwasimulia habari za mkulima mmoja wa Ufaransa na mkewe, watu wasio na cheo wala mali, ambao leo tunajua kuhusu ndoa yao mambo mengi kuliko tunavyojua kuhusu ndoa za mababu zetu wenyewe.

Ningependa, ndugu msomaji, tuitazame habari hiyo kwa makini. Ina utamu wake kama kisa cha mapenzi, lakini nimeichagua kwa sababu inatufundisha jinsi shule, posta na hifadhi ya nyaraka zinavyoamua ni nani atakumbukwa na ni nani atasahaulika.

Kijiji, harusi na vita

Paul Pireaud na mkewe Marie walikuwa wakulima wa kijiji cha Nanteuil-de-Bourzac, katika eneo la Dordogne, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Walioana mapema mwaka 1914, wote wawili wakiwa bado katika miaka yao ya ishirini. Mwanzoni mwa Agosti mwaka huohuo serikali iliwaita wanaume jeshini, na Paul akaondoka kama walivyoondoka vijana wengine wa kijiji. Ndoa ilikuwa haijatimiza hata mwaka mmoja. Kuanzia hapo mpaka vita vilipomalizika, maisha yao ya unyumba yalipitia katika karatasi. Waliandikiana karibu kila siku, na siku ambayo tarishi alipita bila kuleta kitu ilikuwa siku ya wasiwasi.

Mwanzoni Paul alikuwa katika kazi za ugavi, nyuma ya mstari wa mapambano. Baadaye alihamishiwa kikosi cha mizinga mikubwa, na mwaka 1916 alikuwa Verdun, mahali ambapo Wafaransa na Wajerumani walipigana kuanzia Februari hadi Desemba. Kabla ya vita kwisha alipelekwa pia Italia. Aliokoka, akarudi kijijini, na barua zikahifadhiwa. Jambo lililo adimu ni kwamba zimesalia za pande zote mbili, za mume na za mke. Kwa kawaida barua za askari hutunzwa na familia yake, lakini zile alizopokea yeye hupotea katika tope la mahandaki. Leo barua za Pireaud zimo katika hifadhi ya nyaraka za jeshi la Ufaransa huko Vincennes, karibu na Paris. Mwanahistoria Martha Hanna alizisoma na kuandika juu yake kitabu kilichochapishwa mwaka 2006.

Waliandikiana nini?

Msomaji anayetarajia kukuta humo hotuba za uzalendo atashangaa. Paul na Marie walikuwa wanaendesha nyumba. Shamba halikuweza kusubiri amani ipatikane. Waziri Mkuu René Viviani alitoa wito katika siku za kwanza za vita akiwataka wanawake wa vijijini wamalize kuvuna ngano na kutayarisha mashamba kwa mwaka uliofuata. Wanawake walifanya hivyo huku wanaume wakiwa hawapo na farasi wengi wakiwa wamechukuliwa na jeshi. Kwa hiyo barua za wakulima wa Ufaransa zimejaa habari za mbegu, mifugo, bei za sokoni na hali ya hewa. Mume aliye katika handaki hutaka kujua kama kazi ya shamba imekamilika. Mke hujibu, na mara nyingine humweleza kuwa uamuzi ameshauchukua mwenyewe.

Wazazi wa pande zote mbili wamo pia ndani ya mazungumzo hayo. Chakula cha kijijini kilifungwa katika vifurushi na kupelekwa mstari wa mbele, na Paul alikula kidogo cha nyumbani pamoja na wenzake. Barua moja haikuwa mali ya mtu mmoja. Habari zake zilizunguka kwa wazee, kwa majirani, na kwa kina mama waliokuwa na watoto wao katika kikosi hichohicho au jirani yake. Katika nchi iliyowaita jeshini wanaume wapatao milioni nane na kupoteza kati ya hao zaidi ya milioni moja na laki tatu, kila bahasha iliyofika kijijini ilisubiriwa na watu wengi kuliko jina lililoandikwa juu yake.

Mwezi Julai 1916, Paul akiwa vitani, Marie alijifungua mtoto wa kiume, Serge. Uzazi wake haukuwa mwepesi, na afya ya mtoto katika miezi ya mwanzo iliwatia hofu. Hapo barua zinageuka kuwa baraza la familia: ujauzito, maumivu ya kujifungua, unyonyeshaji, maradhi ya mtoto. Mwanamume anayefyatua mizinga usiku na mchana huuliza habari za maziwa ya mama na usingizi wa mwanawe. Tumezoea kufikiri kwamba mambo haya wanaume wa zamani hawakuyagusa. Barua zinatuonya tusiwahukumu wazee kwa kipimo cha ukimya wao mbele ya wageni.

Paul naye hakumficha mkewe Verdun ilivyokuwa. Wanahistoria wengi waliwahi kuamini kwamba askari wa vita vile walitengana kabisa na watu wa nyumbani, kwamba walioona kifo hawakuweza kukieleza na waliobaki vijijini hawakuweza kuelewa. Barua za wawili hawa zinaupinga usemi huo. Marie alijua alichokuwa anakiogopa, kwa sababu alikuwa ameelezwa.

Ni lazima, hata hivyo, mwanafunzi wa historia asome kwa tahadhari. Barua si kiapo mahakamani. Jeshi lilikuwa na wakaguzi waliofungua barua ili kupima hali ya askari na kuzuia siri za vita zisivuje. Zaidi ya hapo kuna ukaguzi ambao mtu hujifanyia mwenyewe, pale mume anapopunguza hatari ili mke alale, au mke anapoficha ugonjwa wa mtoto kwa siku mbili mpaka homa ishuke. Lakini hata uficho huo ni ushahidi. Unatuonyesha ni kitu gani watu wale walidhani mwenzao hangeweza kukibeba.

Shule, posta na posho

Sasa tujiulize swali la kisiasa. Iliwezekanaje kwa wakulima wawili wa kijiji kidogo kuandikiana kwa miaka zaidi ya minne? Mapenzi peke yake hayatoshi kuwa jibu. Watu wamependana katika kila zama na kila vita, na wengi wao hawakuacha hata mstari mmoja.

Jibu la kwanza ni shule. Kwa sheria zinazohusishwa na Waziri Jules Ferry, elimu ya msingi nchini Ufaransa ilifanywa kuwa ya bure mwaka 1881, na mwaka 1882 ikawa ya lazima kwa watoto wa miaka 6 hadi 13, wavulana kwa wasichana. Kizazi cha Paul na Marie kilizaliwa ndani ya sheria hizo. Katika sehemu nyingi za kusini-magharibi watoto walizungumza lugha ya mahali wakiwa nyumbani, wakajifunza Kifaransa darasani, na miongoni mwa mazoezi waliyopewa ni namna ya kuandika barua. Hakuna aliyepanga kwamba zoezi hilo la shule ya kijijini lingekuja kuwa uzi pekee kati ya mke na mume. Lakini bila msichana kupelekwa shule, Marie angekuwa jina tu katika daftari la ndoa.

Jibu la pili ni posta. Askari wa Ufaransa hawakulipia stempu. Katika miezi ya kwanza huduma ilizidiwa, barua zikarundikana na kuchelewa kwa majuma, familia zikahangaika. Serikali ililazimika kuupanga upya utaratibu mzima wa posta ya jeshi kwa namba za sekta, ili barua imfuate askari popote kikosi chake kilipo bila kutaja mahali penyewe. Inakadiriwa kwamba barua zilizosafirishwa zilikaribia milioni nne kwa siku. Watawala walijifunza haraka kwamba askari asiyepata barua hupigana vibaya, na kijiji kisichopata barua huanza kunung'unika.

Jibu la tatu husahaulika mara nyingi, nalo ni utambulisho mbele ya dola. Sheria ya Agosti 1914 iliwapa familia zenye uhitaji za askari posho ya faranga 1.25 kwa siku, na sentimu 50 kwa kila mtoto mdogo. Fedha hiyo haikuwa nyingi, lakini ilikuwa haki iliyoandikwa. Askari akifa, meya wa kijiji ndiye aliyepaswa kupeleka habari mlangoni. Kwa maneno mengine, serikali ilijua Marie ni nani, anaishi wapi, na inamdai nani nani. Anwani iliyoandikwa juu ya bahasha na anwani iliyoandikwa katika daftari la malipo ilikuwa ileile.

Jeshi moja, hatima mbili

Tusiisifu Ufaransa kupita kiasi. Katika vita hivyohivyo, ndani ya jeshi hilohilo, walikuwamo askari kutoka makoloni ya Afrika Magharibi, waliojulikana kwa jina la jumla la askari wa Senegali ingawa walitoka nchi nyingi. Zaidi ya laki moja walipelekwa Ulaya, na makumi ya maelfu hawakurudi. Wakati wa baridi walihamishiwa kambi za kusini kama Fréjus. Nao pia waliacha wake na wazazi. Lakini dola iliyompeleka Marie shule kwa lazima haikuwajengea watu hawa shule za kutosha. Wengi walitegemea mwandishi, mkalimani au mwenzao aliyebahatika kupata elimu kidogo. Kwa hiyo katika hifadhi za nyaraka sauti ya mkulima wa Dordogne ni nzito, na sauti ya mkulima wa Sudani ya Kifaransa ni nyembamba. Tofauti hiyo haikutokana na wingi wala uchache wa huzuni.

Vita hivyo vilikuja pia kwetu. Kuanzia Agosti 1914 hadi Novemba 1918 Waingereza, Wabelgiji na Wareno walipigana na jeshi la Jenerali von Lettow-Vorbeck katika ardhi ya Kenya, Tanzania, Msumbiji na Zambia ya leo. Kwa kuwa mbung'o waliua wanyama wa mizigo na barabara zilikuwa chache, vita vilibebwa vichwani na mabegani mwa watu. Wanaume kwa mamia ya maelfu waliandikishwa kuwa wapagazi, wengi kwa nguvu. Wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza pekee walikaribia au kuzidi 100,000, na wengi wao waliuawa na kuhara, malaria, njaa na uchovu, si risasi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariakor ya Nairobi zimerithi majina yao kutoka kikosi hicho.

Si kweli kwamba eneo letu halikuwa na maandishi. Pwani ilikuwa na barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu muda mrefu kabla ya mkoloni. Utawala wa Kijerumani wenyewe uliendeshwa kwa barua za maliwali, maakida na makarani, na huko Tanga lilichapwa gazeti la *Kiongozi*. Lakini mpagazi aliyekamatwa Ukambani, Unyamwezi au Ungoni hakuwa na kalamu, mkewe hakuwa na kalamu, na posta haikuwa na habari naye. Alikuwa na namba. Mkewe alisubiri. Huenda alisikia kutoka kwa aliyerudi kwamba mumewe alionekana mara ya mwisho akiugua karibu na Mto Rufiji. Huenda hakusikia lolote.

Ukimya huo ulikuwa na bei yake kwa shilingi na senti. Vita vilipokwisha, mishahara iliyolimbikizwa ya maelfu ya wapagazi waliokufa au kutoweka haikuwafikia warithi wao. Suala hilo lilijadiliwa kati ya watawala wa makoloni na London mpaka miaka ya 1930, na fedha hazikulipwa. Miongoni mwa hoja zilizotolewa ilikuwa kwamba warithi hawakuweza kupatikana. Tafakari kidogo: utawala uliomkuta mume kijijini alipohitajika kubeba mzigo haukuweza kumkuta mkewe alipohitajika kulipwa. Nchini Kenya, serikali hiyohiyo, mara tu baada ya vita, ilianza kuwavisha wanaume vipande shingoni ili isiwapoteze kama vibarua. Uwezo wa kuandika majina ulikuwapo. Kilichokosekana ni nia ya kuandika jina la mtu kama mwenye haki.

Sanduku la shangazi

Mtu anaweza kusema kwamba hayo yote ni ya ukoloni na tumekwisha kuyavuka. Ndipo ninapotaka kuileta hoja karibu na nyumbani.

Mwaka 1967, takriban theluthi mbili ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma na kuandika. Kwa takwimu rasmi, kiwango hicho kilishuka hadi karibu robo muongo mmoja baadaye, kutokana na kampeni ya elimu ya watu wazima. Mwaka 1977 ukaanza kutekelezwa mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Mwaka uliofuata, Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera. Askari, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa na mgambo walikwenda vitani, na Kampala ikaangushwa Aprili 1979. Kwa hoja yangu, miaka hiyo miwili inapaswa kuwekwa sahani moja na 1882 na 1914 ya Ufaransa. Askari wa KAR waliopigana Abisinia na Burma katika Vita vya Pili waliandika barua, na baadhi walijifunzia kusoma kambini. Lakini Kagera ni vita vyetu vya kwanza ambamo mume wa kijijini na mke wa kijijini, kwa maelfu, waliweza kuandikiana bila karani kati yao.

Barua hizo ziko wapi?

Shangazi yangu alikuwa mmoja wa wanawake hao. Mumewe, mgambo, aliondoka mwishoni mwa mwaka 1978 wakiwa wameoana karibuni, akarudi salama mwaka uliofuata, akafariki miaka mingi baadaye kwa maradhi ya kawaida. Barua zake shangazi alizifunga kwa kitambaa, akaziweka chini ya sanduku la bati. Nyumba ya nyasi ilipobomolewa ili ijengwe ya bati, sanduku likahamishiwa ghalani, na kutu ikatoboa kitako chake. Tulipolifungua, mchwa walikuwa wameshamaliza kazi. Alipokwenda ofisi moja kufuatilia stahili aliyoamini kuwa mumewe anayo, aliulizwa uthibitisho: namba, kikosi, tarehe. Vyote hivyo, alisema, vilikuwa vimeandikwa juu ya kila bahasha, upande wa kushoto, kwa mwandiko wa marehemu. Karani hakuwa mtu mbaya. Daftari lake halikuwa na jina hilo, na mwanamke aliyesimama mbele yake hakuwa na karatasi.

Kwa hiyo ninazungumza na makundi matatu. Kwa watumishi wa umma: jalada mnalolitupa kwa kuwa limechakaa huenda ndilo ushahidi pekee wa haki ya mjane fulani. Nyumba ya kumbukumbu si ghala la takataka za serikali, na bajeti yake isiwe ya kwanza kukatwa kila mwaka. Kwa wanaharakati: mnapodai haki za wazee na wajane, dai moja liwe kumbukumbu zao, kwa sababu haki isiyo na maandishi hukanushwa kwa urahisi. Kwa wanafunzi wangu: waliokuwa na miaka ishirini mwaka 1978 sasa wamevuka sitini na tano. Mkienda likizo, ulizeni. Kama kuna barua, pigeni picha kila ukurasa na kila bahasha, andikeni nani alimwandikia nani, na ombeni ridhaa ya wenyewe kabla ya kuonyesha mtu mwingine, maana barua ya mume kwa mkewe ni siri ya watu wawili kwanza, na historia baadaye. Kama hakuna barua, kaeni chini msikilize na kurekodi.

Nilimwuliza shangazi kama anakumbuka maneno ya barua yoyote. Nilitegemea habari za mabomu au za Kampala. Akafikiri, akasema kwamba katika barua moja mumewe aliuliza kama yule mbuzi mweusi ameshazaa, na akamwagiza asimuuze mpaka yeye arudi.

"Ulimjibu nini?" nikamwuliza.

"Nilimwambia kazaa mapacha," akasema. "Na nilikuwa nimeshauza mmoja."